Kabla hakimu hajatamka miaka

Msomaji wa habari za mahakamani anaijua aya hii kabla hata hajaifikia. Upande wa mashtaka umeiomba mahakama itoe adhabu kali ili iwe fundisho kwa mshtakiwa na kwa wengine wenye tabia kama yake. Mshtakiwa, alipopewa nafasi ya kujitetea, ameomba apunguziwe adhabu kwa kuwa hilo ni kosa lake la kwanza, ana mke na watoto, na mama yake mzee anamtegemea. Sentensi inayofuata inataja idadi ya miaka, na habari imekwisha.

Mtu amezaliwa, amelelewa vizuri au vibaya, ameugua, amesoma au ameacha shule, amefanya kazi, kisha siku inayoamua atalala wapi kwa miaka kumi ijayo, maisha yake yote yanabanwa ndani ya sentensi moja. Na mara nyingi ni sentensi ileile aliyoitoa mshtakiwa wa jana. Siamini kwamba mahakimu wetu wana roho ngumu. Wanahukumu kwa kile kilichowekwa mezani, na siku hiyo hakuna aliyeweka kitu.

Nchini Marekani wapo watu ambao kazi yao, wanayolipwa mshahara au ada, ni kuhakikisha kitu kipo mezani. Hawamtetei mtu kwamba hakutenda kosa. Kazi hiyo ni ya wakili. Wao wanaanzia pale ambapo hatia imekwisha kupatikana, au inakaribia, na swali lililobaki ni moja tu: huyu apewe adhabu gani? Wanakusanya habari za maisha yake na kuziandika, wanatafuta mashahidi wanaomjua, wanampangia hakimu njia nyingine za kumwadhibu. Wenzao wanafanya kazi ya upande wa pili wa mlango, yaani kumwandaa aliyehukumiwa aingie gerezani na atoke akiwa mzima wa akili. Siku hizi wengi hufanya yote mawili. Hakuna leseni wala bodi ya kuwasajili. Wengine wametoka kwenye ustawi wa jamii, wengine walikuwa waandishi wa habari au maofisa wa uangalizi wa wakosaji, na baadhi wametoka gerezani wenyewe.

Chimbuko ni hukumu ya kifo

Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliisimamisha adhabu ya kifo kwa sababu ilikuwa ikitolewa kiholela. Baadhi ya majimbo yakajibu kwa kuifanya ya lazima: ukitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, hakuna mjadala, unakufa. Mwaka 1976, katika kesi ya Woodson dhidi ya North Carolina, mahakama hiyo ikasema hapana. Miaka miwili baadaye ikaja kesi ya Sandra Lockett, binti wa Ohio aliyekuwa amebaki ndani ya gari wakati wenzake wakiingia kupora kwenye duka la kukopesha kwa rehani, na mwenye duka akapigwa risasi akafa. Lockett alihukumiwa kifo kwa sababu sheria ya jimbo ilimwachia jaji upenyo mdogo mno wa kuangalia umri wake, tabia yake na nafasi yake katika tukio. Mahakama ya Juu ikatamka kwamba anayekabiliwa na kifo ana haki ya kumweleza mwamuzi jambo lolote la maisha yake au la mazingira ya kosa linaloweza kumwokoa.

Haki ikapatikana, lakini nani angeitumia? Wakili amefundishwa kuhoji mashahidi na kubishania vifungu. Hakufundishwa kukaa jikoni kwa shangazi wa mteja wake mpaka shangazi huyo aseme lile ambalo ukoo umeficha kwa miaka 30.

Aliyeijibu haja hiyo kuliko mwingine yeyote ni mwanamke wa Memphis aitwaye Scharlette Holdman, aliyefariki mwaka 2017. Hakuwa wakili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 alikuwa Florida, jimbo lenye wafungwa wengi wanaosubiri kuuawa, akipiga simu huku na huko kutafuta mawakili wa kuwatetea bila malipo. Aligundua kuwa wakili akishapatikana bado kuna pengo: hakuna anayemjua mfungwa. Akaanza kwenda mwenyewe makwao. Kazi hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa taaluma, na wengi wanaoifanya leo wamepita mikononi mwake au mikononi mwa waliofundishwa naye.

Utaratibu wao ni wa polepole. Wanaomba majalada ya hospitali tangu mteja alipozaliwa, ya shule, ya ustawi wa jamii, ya jeshi kama alipita jeshini, ya kazini. Wanafuatilia ukoo hadi vizazi vitatu, maana ugonjwa wa akili na ulevi huwa haumwanzii mtu mmoja. Ndugu huhojiwa ana kwa ana, kila mmoja peke yake, na mhoji hurudi tena na tena. Siku ya kwanza ataambiwa kwamba marehemu baba alikuwa mkali kidogo. Pengine ni ziara ya nne au ya tano ndipo dada mkubwa anapofunga mlango na kueleza ukali huo ulikuwa wa namna gani. Hakuna dodoso linaloweza kuleta jibu hilo, na nadhani hapo ndipo thamani ya kazi hii ilipo.

Kwamba jambo hili linaamua uhai wa mtu kulionekana wazi katika kesi ya Kevin Wiggins wa Maryland, aliyehukumiwa kifo mwaka 1989 kwa mauaji ya bibi wa miaka 77. Mawakili wake waliliahidi juri, yaani wale raia 12 wanaoamua, kwamba litasikia jinsi alivyoishi kwa shida. Halikusikia kitu. Kumbe katika majalada ya ustawi wa jamii ya jimbo hilo yalikuwemo mambo ambayo yeyote angeyapata kwa kuomba. Mama yake, mlevi, alikuwa akiwaacha watoto peke yao siku kadhaa. Jiko lilifungwa kwa kufuli, nao wakaombaomba chakula na kula vipande vya rangi iliyobanduka ukutani na uchafu wa jalalani. Mama huyo aliwahi kuushika mkono wa Wiggins na kuubana juu ya jiko la moto hadi mtoto akalazwa hospitali. Akiwa na miaka sita alichukuliwa na serikali, akazungushwa kwa walezi, na huko nako akatendewa unyama. Ofisa ustawi wa jamii aliyeyakusanya hayo aliyaandika baada ya hukumu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu, kwa majaji saba dhidi ya wawili, iliamua kwamba mawakili walizembea kwa kutofuatilia, na adhabu ya kifo ikatenguliwa.

Mwaka huohuo Chama cha Wanasheria cha Marekani kilitoa mwongozo mpya unaotaka kila kesi ya kifo iwe na mawakili wasiopungua wawili, mpelelezi wa upande wa utetezi, na mtaalamu wa kazi hii ninayoieleza. Kwa maneno mengine, timu isiyo na mtu wa kuchunguza maisha ya mshtakiwa imepungukiwa.

Msomaji atauliza: na waliouawa je? Swali ni la haki, na sitaki kulikwepa, kwa hiyo nitachukua kesi iliyotugusa wenyewe. Agosti 7, 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, 11 kati yao hapa Dar es Salaam. Mmoja wa walioshtakiwa New York alikuwa Khalfan Khamis Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999. Mwaka 2001 juri lilimtia hatiani, na waendesha mashtaka wakaomba auawe. Mawakili wake hawakulidanganya juri kwamba hakuhusika. Walileta habari za maisha yake Zanzibar na nafasi aliyokuwa nayo chini ya wale waliopanga na kuamuru. Walikuwa pia na uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, uliotolewa Mei mwaka huo, kwamba serikali ya nchi hiyo ilivunja sheria kwa kumkabidhi bila kupata ahadi kwamba hatauawa. Wanajuri hawakukubaliana kwa kauli moja kumuua, na bila kauli moja adhabu ikawa kifungo cha maisha kisicho na kutoka.

Hakuna aliyefutiwa kosa pale. Familia zilizopoteza watu hazikuambiwa kwamba msiba wao ni mdogo. Mtu aliyeshiriki alifungwa maisha yake yote, na walioamua hivyo waliamua wakimjua. Kwangu mimi hiyo ni hukumu yenye uzito kuliko ile inayotolewa kwa haraka na hasira.

Wateja wenye suti

Tawi la pili la kazi hii lilikulia mbali na vyumba vya kifo. Mwaka 1977 Jerome Miller, aliyejulikana kwa kuzifunga shule za kurekebisha watoto wahalifu za Massachusetts mwanzoni mwa muongo huo, alianzisha pamoja na Herbert Hoelter kituo kilichoitwa National Center on Institutions and Alternatives. Walikuwa wakimwandalia hakimu mpango kamili wa adhabu mbadala kwa mtu mahususi: atafanya kazi gani ya kujitolea, atamlipaje aliyemkosea, atatibiwa wapi, nani atamsimamia. Jina la Hoelter lilikuja kutajwa kando ya majina makubwa ya wateja kama Michael Milken wa Wall Street na Martha Stewart wa televisheni.

Wakati huo sheria ilikuwa ikibana. Sheria ya mwaka 1984 ilifuta parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, katika magereza ya serikali kuu ya Marekani, na tangu Novemba 1987 majaji walilazimika kufuata mwongozo wa adhabu: jedwali lenye ngazi 43 za uzito wa kosa upande mmoja na makundi sita ya rekodi ya uhalifu upande mwingine. Jaji anatafuta pale mistari inapokutana, anasoma miezi. Katika kesi za utapeli, ngazi hupanda kadiri fedha iliyopotea inavyoongezeka, na mtu mwenyewe haangaliwi sana. Hali ilibadilika Januari 2005, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Booker kwamba mwongozo huo ni ushauri tu. Jaji anaanzia kwenye jedwali, kisha lazima amwangalie aliyesimama mbele yake na kutoa adhabu inayotosha, isiyozidi inavyohitajika. Soko la watu wanaojua kumweleza mshtakiwa likafunguka siku hiyo.

Kazi yao ngumu zaidi ipo kwenye waraka ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia. Mtu akikiri kosa au akitiwa hatiani katika mahakama ya serikali kuu, ofisa wa uangalizi humwita, akamhoji na kuandika ripoti: familia, elimu, afya, ulevi, madeni, mali, na kosa lenyewe. Pande zote hupewa rasimu siku zisizopungua 35 kabla ya hukumu, na zina siku 14 za kupinga kilichokosewa. Jaji huisoma ripoti hiyo kuliko karatasi nyingine yoyote. Baada ya hukumu haitupwi. Inakwenda Grand Prairie, Texas, kwenye ofisi inayopanga nani aende gereza gani, kisha inamfuata mfungwa mpaka siku anayotoka. Kosa la kuandika lililoachwa humo linakaa humo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha gharama yake. Magereza ya serikali kuu yana programu ya tiba ya ulevi na dawa za kulevya, ya miezi tisa hivi, na mfungwa asiye na kosa la ukatili anayeimaliza anaweza kupunguziwa hadi mwaka mzima. Ili akubaliwe, lazima kuwe na ushahidi kwamba alikuwa na tatizo hilo katika mwaka uliotangulia kukamatwa kwake. Sasa fikiria mhasibu wa miaka 55, mzee wa kanisa, anayekunywa chupa nzima ya wiski kila usiku na mkewe hajui. Ofisa wa uangalizi anamuuliza: unakunywa? Kwa aibu anajibu kwamba huonja kidogo kwenye sherehe. Ripoti inaandikwa hivyo. Aibu ya dakika moja imemgharimu mwaka mmoja wa maisha yake, na ugonjwa umebaki bila tiba. Mshauri mzuri humkalisha mteja wake mapema na kumwambia ukweli huu, kwa sharti kwamba atakachosema kiwe kweli.

Kisha kuna barua. Jaji wa Marekani hupokea barua za ndugu, marafiki, wafanyakazi na majirani, na wanaoifanya kazi hii hutumia muda mwingi kuwafundisha watu kutoandika kwamba fulani ni mtu mwema. Andika ulichokiona. Alinisomesha miaka miwili na hakumwambia mtu. Alikuja hospitali kila Jumapili mama alipolazwa. Barua inayokana kosa humdhuru anayeombewa, kwa sababu inamwonyesha jaji kwamba hata walio karibu naye hawajakubali kilichotokea. Na kukosekana kwa barua nako husomwa. Juni 2009, Jaji Denny Chin alipokuwa akimhukumu Bernard Madoff, aliyewaibia maelfu ya wawekezaji, alisema hakupokea hata barua moja ya ndugu au rafiki inayosimulia mema yake, na kwamba ukimya huo una maana. Madoff, ambaye Hoelter alikuwa miongoni mwa waliomsaidia, alipewa miaka 150, akafia gerezani mwaka 2021.

Waliotoka ndani

Michael Santos alikamatwa mwaka 1987, akiwa kijana wa miaka 23, kwa biashara ya kokeini, akahukumiwa miaka 45. Alitumikia 26. Akiwa ndani alipata shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Mercer, kisha ya uzamili ya Hofstra, akaandika vitabu kuhusu maisha ya magereza, akaoa. Katika kambi ya wafungwa ya Taft, California, alikutana na dalali wa hisa aitwaye Justin Paperny, aliyekuwa akitumikia miezi 18. Paperny alikuwa amevunjika moyo. Santos alimfundisha kupanga siku yake kwa saa, kusoma, kuandika, kujiandalia kazi ya baada ya kutoka. Walipokuwa huru wote wawili waligeuza mafunzo yale kuwa kazi ya maisha yao, na leo ni kati ya washauri wa magereza wanaojulikana zaidi nchini humo. Santos pia anatoa masomo yake bure kwa wafungwa, jambo ambalo namheshimu kwalo.

Wanachofundisha kinaanza na mambo madogo ambayo yasipojulikana huleta balaa. Usikae kwenye kitanda cha mwenzako bila kukaribishwa. Usipitishe mkono juu ya sahani ya mtu. Usibadilishe chaneli ya televisheni, na usikae kwenye kiti kabla hujajua ni cha nani. Usiulize mtu kafungwa kwa kosa gani. Saa 10 jioni, kila siku, kila mfungwa husimama kando ya kitanda chake ahesabiwe, na anayechelewa anawachelewesha wote. Simu hukatika baada ya dakika 15. Kazi za gerezani hulipa senti 12 hadi 40 za dola kwa saa. Sigara zilipopigwa marufuku mwaka 2004, stempu na pakiti za samaki wa makareli kutoka duka la gereza zikawa ndiyo sarafu ya kulipana. Mshauri atamwambia mteja wake asikope hata pakiti moja, wala asicheze kamari, maana madeni ndiyo mlango wa ugomvi.

Siku ya kuripoti, maana wengi wa wateja hawa hupewa tarehe ya kujipeleka wenyewe, mtu anaruhusiwa kuingia na vitu vichache sana: pete ya ndoa isiyo na kito, miwani, nyaraka za mahakama, fedha kidogo za kuwekewa kwenye akaunti yake. Washauri huwaeleza haya wake na waume pia. Nimesoma mengi kuhusu kazi hii, na lililonigusa zaidi ni kwamba saa nyingi za mshauri huishia kwa familia: mtoto aambiwe nini, nyumba iuzwe au isiuzwe, nani atie saini hundi za shule.

Wanawafundisha pia hesabu. Mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo. Sheria iliyosainiwa Desemba 21, 2018 iliongeza siku 10, na kwa wenye hatari ndogo siku 15, kwa kila siku 30 za kushiriki masomo na programu zinazokubalika. Mhamiaji aliye na amri ya mwisho ya kufukuzwa nchini hawezi kuzitumia siku hizo za nyongeza. Jambo hilo walijue Watanzania, Wakenya na Wakongo wenye ndugu waliofungwa huko, ambao mara nyingi huambiwa na wafungwa wenzao kwamba tarehe ya kutoka iko karibu kuliko ilivyo.

Ada za washauri hawa huanzia maelfu ya dola na kuendelea. Ndipo penye uchafu. Kwa kuwa hakuna leseni, yeyote aliyelala gerezani miezi sita anaweza kujiita mtaalamu. Wengine huahidi kupunguza miaka, ahadi ambayo hakuna binadamu awezaye kuitoa isipokuwa jaji. Huko Connecticut waendesha mashtaka wa serikali kuu waliwashtaki washauri wa kampuni moja ya Michigan kwa kuwafundisha wateja wajifanye walevi ili waingie kwenye ile programu ya tiba, na washauri hao wakakiri. Kila nafasi iliyochukuliwa na mlevi wa uongo ilimkosesha mgonjwa wa kweli.

Kuna dhambi kubwa zaidi isiyo ya mtu mmoja. Tajiri aliyeiba kwa kalamu anamnunua mtu wa kumweleza kwa jaji kwa miezi kadhaa, huku kijana maskini aliyeuza dawa za kulevya mtaani akitegemea wakili wa utetezi anayelipwa na serikali, mwenye majalada yasiyohesabika. Ofisi nyingi za utetezi wa umma za Marekani sasa zina maofisa ustawi wa jamii wao wenyewe, na hilo ni jema, lakini hawatoshi. Kazi iliyozaliwa kwa ajili ya mtu maskini kuliko wote, yule aliye kwenye chumba cha kifo, haipaswi kuwa bidhaa ya wenye suti.

Mlango uliofunguliwa kwetu

Afrika Mashariki imekwisha kuigusa njia hii, na imeigusa kwa kupitia wafungwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri lililofunguliwa na Susan Kigula pamoja na wafungwa wenzake zaidi ya 400, ilikubali kwamba adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha katiba. Kigula alipunguziwa adhabu, akasomea sheria akiwa gerezani, akatoka mwaka 2016. Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuata, katika kesi ya Francis Muruatetu. Majaji waliorodhesha mambo ambayo mahakama iyaangalie kabla ya kutoa adhabu ya mauaji: umri wa mkosaji, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia yake, kama alitenda kwa sababu ya ukatili wa kijinsia aliofanyiwa, majuto yake, na uwezekano wa kurekebika na kurudi katika jamii.

Tanzania bado haijafika hapo. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamwachia jaji adhabu moja tu kwa mauaji ya kukusudia. Novemba 28, 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Unyang'anyi wa kutumia silaha nao una miaka yake 30 ambayo kila msomaji wa magazeti anaijua. Lakini yapo makosa mengi ambamo hakimu ana uhuru mpana. Kuua bila kukusudia kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha, na kunaweza pia kumletea adhabu ndogo sana. Kati ya ncha hizo mbili hakimu anaamua kwa kutumia nini, kama si habari za mtu?

Orodha ya majaji wa Nairobi haijijazi yenyewe. Anayesema mwanamke fulani alimuua mumewe baada ya miaka mingi ya kipigo lazima awe amekwenda kijijini, ameongea na majirani waliosikia kelele, ametafuta fomu namba tatu ya polisi ambayo mwanamke huyo aliwahi kupewa akaambiwa arudi nyumbani wakasuluhishwe. Kenya na Tanzania zote zina maofisa wa uangalizi wanaoweza kuagizwa na mahakama kuandika ripoti ya namna hiyo. Ni wachache, wana usafiri wa shida, na wanahudumia pia wanaotumikia adhabu nje ya gereza. Nchini Kenya na Uganda, shirika la Justice Defenders limewafundisha wafungwa na askari magereza kuwa wasaidizi wa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayowatambua wasaidizi wa kisheria, watu wanaoishi katika kata zilezile wanakotoka washtakiwa. Naamini hao ndio wanaofaa kufundishwa kazi hii kuliko mtu yeyote mwingine, na serikali ilipie mafunzo hayo kama inavyolipia upande wa mashtaka.

Wakati hayo yakisubiriwa, familia yenye ndugu kizimbani inaweza kuanza leo. Kusanyeni kadi ya kliniki, vyeti vya hospitali na matibabu ya akili kama yapo, ripoti za shule, barua ya mwajiri, na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayemjua mtu huyo kwa matendo. Kama aliyekosewa amelipwa chochote, wekeni stakabadhi. Mpeni wakili mapema, kwa sababu katika mahakama zetu adhabu mara nyingi hutolewa siku ileile ya kutiwa hatiani, na hapo hakuna muda wa kurudi nyumbani kutafuta karatasi. Asiye na wakili anaweza kusimama mwenyewe na kuiomba mahakama iagize ripoti ya ofisa wa uangalizi kabla ya kutoa adhabu. Aombe kabla hakimu hajaanza kusoma adhabu, na aeleze ni nani aendewe na anapatikana wapi.